Dirisha limesogea hatua moja, wewe unapanga upya namba zote?

Wiki hii nimeletewa programu ya mtu niikague, kakifaa kadogo tu kanapima umbali kwa kihisi, sampuli 1000 kwa sekunde, na malalamiko ni kwamba prosesa inazidiwa eti tununue kubwa zaidi. Nikafungua. Filta ya mediani, yaani inachuja kelele kwa kutoa namba ya katikati kwa ukubwa kati ya vipimo vya mwisho, dirisha (hivyo vipimo vya mwisho) la sampuli 101, na kila sampuli mpya ikiingia jamaa anakopi zote 101 pembeni, anazipanga upya toka mwanzo, anachukua ya katikati, halafu kazi yote anatupa. Mara 1000 kwa sekunde!! Nikafunga laptop nikaenda kunywa maji kwanza.

Jamani. Dirisha likisogea inatoka namba moja inaingia moja, zile 100 zingine hazijaenda popote na umetoka kuzipanga sasa hivi. Chukua dirisha la tano: 12, 13, 90, 12, 14. Hiyo 90 ni kelele, wastani utakupa 28.2, namba ambayo kihisi chenyewe hakijawahi kuiona, mediani inakupa 13 na maisha yanaendelea, ndo raha yake. Ukishazipanga una 12, 12, 13, 14, 90. Sasa imekuja 13 na ya zamani kuliko zote ni 12, basi toa 12 moja (yoyote, hazina majina), chomeka 13 mahali pake, soma katikati. Kwisha! Ni orodha mbili tu, moja inakumbuka nani alitangulia kuingia, nyingine imekaa kwa ukubwa.

Kwenye picha, ambako dirisha ni mraba wa pikseli, ndo kabisa. Huang na wenzake waliandika ujanja huu 1979, wakatumia histogramu (hesabu ya kila thamani imetokea mara ngapi), dirisha la 31 kwa 31 lina pikseli 961 lakini likisogea unatoa safu ya 31 unaingiza nyingine ya 31, basi. Mwaka 2007 Perreault na Hébert wakafika mpaka mahali dirisha likikua kazi ya kila pikseli haiongezeki. Sisi bado tunapanga.

Haya, dirisha la 3 au 5 panga unavyotaka, hapo sina ugomvi na mtu. Na nyie wa hipu mbili (moja inashika nusu ya namba ndogo, nyingine nusu ya kubwa) najua mnakuja, ila kwa 101 orodha ya kawaida inatosha, kusogeza namba zilizokaa pamoja kwenye memori ni fasta kuliko mnavyodhani.

Nimembadilishia, mistari kama ishirini hivi, prosesa sasa muda mwingi imelala. Akanijibu, "Lakini hata ile yangu ilikuwa inatoa majibu sahihi."

Ndiyo kaka. Yale yale kabisa.