Desibeli 35 na Mfuniko wa Sufuria

Jamani, aliyeandika kanuni za kelele za Tanzania alilala mtaa gani? Zipo tangu 2015. Makazi: mchana mwisho desibeli 50, usiku 35. Pakichanganyika na biashara na burudani, 55 mchana, 45 usiku. Na usiku wenyewe unaanza saa 4, siyo pale DJ atakapojisikia.

Hiyo 35 unaijua? Ni mnong'ono! Pangaboi la chumba cha kupanga, lile lenye panga moja lililopinda, linaipita likiwa spidi ya kwanza. Huku baa ya jirani imepanga spika nne zinatazama dirisha lako kana kwamba unadaiwa.

Halafu hesabu za desibeli siyo hesabu za dukani. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imekuwa mara 10, ingawa sikio linahisi kama mara mbili. Kwa hiyo baa inayopiga 75 penye 45 haijazidisha "thelathini tu", imezidisha mara 1,000. Kamwambie mwenye baa. Atakujibu kwa upole, "Bosi wangu, mbona tumezima spika mbili?" Kuzima mbili kati ya nne kunashusha desibeli 3. Tatu! Hata paka hageuzi shingo. Angezishusha kutoka kwenye paa na kuzielekeza kwa wateja wake waliolipia, hapo tungeongea.

Haya, unataka kushtaki. Mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha ofisa mazingira wa halmashauri, au NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Barua, tafadhali, siyo kupiga kelele kuhusu kelele. Weka tarehe, saa ilipoanza, saa ilipoisha, umbali kutoka spika hadi kitandani, na saini za majirani. Hapo kwenye saini ndipo utakapogundua jirani wa kwanza anauza mishkaki mlangoni pa baa, wa pili ndiye DJ.

Na usimpelekee mtu namba za programu ya simu. Kipaza sauti cha simu kimetengenezwa kwa maongezi, muziki mkubwa unakikaba, simu mbili mkononi zinakupa majibu mawili. Kipimo cha kweli ni mita ya kupimia sauti iliyohakikiwa, imevalishwa kisponji cha kuzuia upepo, imesimama kwenye stendi kama mita 1.2 hadi 1.5 toka chini, mbali na ukuta kwa sababu ukuta unarudisha sauti na kuongeza namba.

Ila ukiandika "wanapiga kelele kila siku" bila saa, umekwisha. Mpimaji anakuja saa 4 asubuhi, anamkuta mhudumu anafagia vizibo. Mita inasoma 48. Mchana ruksa ni 55. Anafunga begi, anakutazama wewe kama ndiye mwenye matatizo.

Andika hivi: Ijumaa, kuanzia saa 5 usiku hadi saa 9. Na besi uitaje peke yake, maana mita hupimia dBA, kipimo kinachofuata sikio la binadamu, nacho besi hukihesabia kidogo sana. Namba inaweza kutoka ya heshima kabisa, huku besi imepenya ukuta wa tofali na mfuniko wa sufuria unacheza singeli jikoni bila mtu.