Mistari ya Agnes Martin na swali la uponyaji

Ukiitazama turubai ya mchoraji Agnes Martin kwa mbali, utadhani haina kitu: mraba wa futi sita kwa sita, umepakwa rangi iliyopauka. Sogea karibu. Penseli imepita juu ya kitambaa mstari baada ya mstari, na kila ilipokutana na uzi uliotokeza, imeruka au kutetemeka kidogo. Ametumia rula, lakini mkono wake unauona.

Martin alizaliwa Kanada mwaka 1912, akafariki Taos, New Mexico, mwaka 2004. Alivutiwa na mafundisho ya Zeni, tawi la Ubudha, na ya Kitao, falsafa ya kale ya China. Alikaa kimya akisubiri picha imjie akilini, ndogo kama stempu, ndipo apige hesabu za kuikuza. Turubai iliyoharibika aliikatakata. Na miaka yote hiyo aliishi na skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili.

Ni rahisi basi kumfanya kielelezo cha wale wanaounganisha umakinifu wa Kibudha (zoezi la kutulia na kuzitazama fikra zako bila kuzihukumu), saikolojia na sanaa ili kutuliza nafsi. Hoja yao siidharau hata kidogo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Curry na Kasser, waliwatia wasiwasi wanafunzi 84 wa chuo, kisha wakawapa kazi ya kupaka rangi. Waliopewa mandala, michoro ya duara inayotumiwa na Wabudha, walitulia kuliko waliopewa karatasi tupu. Lakini waliopewa michoro ya mirabamiraba, isiyo na Ubudha wowote ndani yake, walitulia vilevile. Kwangu hapa ndipo penye jambo. Inaelekea kinachotuliza ni mpangilio unaoshika macho na mkono, na karatasi tupu, tunayoisifu kuwa ni uhuru, humwacha mwenye hofu peke yake na hofu yake.

Wapo wanaolalamika kwamba Ubudha umenyofolewa kipande kimoja tu. Mmarekani Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake ya umakinifu kwa wagonjwa huko Massachusetts mwaka 1979, aliacha nje lugha ya hekaluni, ilhali kwa Wabudha umakinifu huenda pamoja na kauli njema na riziki ya halali. Malalamiko yana ukweli, ila mgonjwa wa mgongo aliyepata nafuu hana kosa.

Linalonitia hofu ni jingine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mahojiano na watu wanaofanya taamuli kwa njia za Kibudha. Baadhi yao walisimulia hofu kali, usingizi kupotea, hata kuona visivyokuwepo. Mtu mwenye maradhi kama ya Martin akiambiwa tu akae kimya na kuzitazama fikra zake, anaweza kuumia. Martin mwenyewe alilazwa hospitali zaidi ya mara moja na akatumia dawa. Mwaka 1967 aliondoka New York na kuacha kuchora kwa miaka kadhaa. Ukimya na penseli vilimpa kazi, heshima na, kwa majina aliyozipa picha zake, furaha. Havikuchukua nafasi ya daktari.

Kwa hiyo anayefungua darasa la kutuliza nafsi kwa umakinifu na sanaa namuunga mkono kwa dhati, kwa sharti kwamba siku ya kwanza, kabla ya kugawa penseli, amwulize kila anayeingia, faraghani, kama yuko kwenye matibabu, na asimwambie mtu yeyote aache vidonge vyake.