Hapakuwa na ofisi moja Roma

Makala moja inasema mahakama za uzushi za Enzi za Kati, yaani mahakama za Kanisa Katoliki za kuwahukumu walioshukiwa kupinga mafundisho yake, ziliongozwa na ofisi moja ya Roma. Sivyo kabisa, ofisi hiyo iliundwa 1542. Tangu miaka ya 1230 Papa Gregori IX aliwakabidhi watawa, hasa Wadominiko, kazi ya uchunguzi na hukumu hizo, kwa maeneo kama Toulouse na Carcassonne, kusini mwa Ufaransa. Usimamizi juu yao ulikuwa hafifu mno, hadi malalamiko ya Carcassonne na Albi yakamfanya Papa Klementi V atume makardinali kukagua magereza yao, 1306. Kisha Mtaguso wa Vienne (1311–1312), mkutano mkuu wa maaskofu, ukaagiza: hakuna kumtesa mshtakiwa wala kumhukumu bila askofu na mchunguzi (mtawa aliyeendesha mahakama) kukubaliana, na gereza liwe na walinzi wawili, kila mmoja na ufunguo wake. Mchunguzi Bernard Gui alizilalamikia amri hizo, maana zilimbana kweli.