Mfongo wa Kibosho nao ni urithi wa taifa

Juzi mwenzangu wa kazini alinipeleka kwenye mabonde ya karibu na Forchheim, kusini mwa Ujerumani, anionyeshe jambo analojivunia. Mifereji imekatiza kwenye majani ya malisho, ina vibao vya mbao vya kuzuia na kufungulia maji, na wenye mashamba wana chama chao kinachopanga zamu. Alinieleza taratibu, hatua kwa hatua, kama unavyomweleza mgeni. Nilifurahi kweli, na papo hapo roho ikaniuma. Mimi ni mtoto wa Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Nimekulia kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili wa Wachagga wa kumwagilia mashamba.

Desemba 2023 UNESCO iliuingiza umwagiliaji huo wa asili wa Ulaya kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nchi 7 ziliomba pamoja, Ujerumani ikiwemo. Tanzania nayo iliridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi huo mwaka 2011. Mifongo yetu ya Uchagani iko wapi?

Nawasikia tayari: "Huyu mbeba boksi ameshakuwa Mzungu. Anatusifia waliomnyonga Mangi Meli!" Sijasahau. Wajerumani walimnyonga mtawala wetu huyo Old Moshi, Machi 2, 1900, na mabaki ya wazee wetu waliyoyabeba nayadai kwa sauti ileile mnayoyadai nayo ninyi. Lakini kudai kilichoibwa hakutuzuii kutunza kilichobaki mikononi mwetu. Na mfongo hakuna aliyetuibia.

Anayeuona mfongo ni mtaro tu hajawahi kupangiwa zamu. Banio la mtoni, linaloingiza maji mferejini, ni mawe, magogo na migomba iliyokatwa, limezibwa kwa udongo wenye nyasi. Mvua kubwa ikilibomoa, watu wanaitwa msaragambo, kila kaya inatoa mtu na jembe. Asiyetokea analipa faini. Zamani ilikuwa mbege. Maji ya usiku yanakusanywa bwawani, alfajiri yanafunguliwa kwa mwenye zamu, na mtoto anatumwa akae kwenye kona ya mfereji, miguu ikiwa baridi, aangalie jirani asichepushe kabla ya muda. Ukoo uliochimba mfongo unajulikana, na neno lake lina uzito mkutanoni. Hiyo ni sheria, ni uhandisi na ni historia, vyote bila karatasi. Wageni waliofika Kilimanjaro karne ya 19 waliandika habari zake kwa mshangao.

Sasa tazameni vipaumbele vyetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye yanasubiri tangazo la Waziri. Ni sheria ya vitu vilivyotulia. Mfongo hautulii, unabomoka na kujengwa upya, na huo ndio uhai wake. Malikale ziko Wizara ya Maliasili na Utalii, utamaduni uko wizara nyingine, maji yako wizara nyingine tena. Bodi ya Maji Bonde la Pangani inamtambua mtumia maji mwenye kibali, na hiyo ndiyo kazi yake. Ila nani kati yao amepewa kazi ya kumrekodi mzee anayejua kulipima banio kwa macho? Hata heshima tuliyopata mwaka 2011, kihamba (shamba la migomba na kahawa la nyumbani) cha Shimbwe Juu kutambuliwa kuwa urithi wa kilimo, ilitoka FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa.

Sipingi makumbusho. Boma la Arusha litunzwe, na jengo la Azimio la Arusha pale Kaloleni litunzwe, watoto wetu waingie. Ninachosema ni kwamba shilingi ya kwanza iende kwa kinachokufa na watu. Jengo litasubiri bajeti ya mwakani, mzee wa miaka tisini hatasubiri. Waorodhesheni wazee wa mifongo, shule za msingi ziwapeleke watoto banioni, halmashauri itenge fungu la kukarabati mabanio, na wizara hizo zikae meza moja.

"Rudi uzibue mwenyewe," mtaniambia. Desemba nikija nyumbani kama Wachagga wote, jembe nashika, waulizeni majirani. Na wewe unayesema mfongo umepitwa kwa kuwa bomba limefika: bomba lina mita na bili kila mwezi. Nani Kibosho atamwagilia migomba na kahawa kwa maji ya bili?