Umeniandika ukurasa gani?

Alhamisi iliyopita mhadhiri wetu alifunga faili lake, akatuomba jambo dogo tu: anayejiona ni mfeministi, yaani mtetezi wa haki sawa kwa wanawake, anyooshe mkono. Darasani tuko kama 80, wasichana tunazidi nusu, na siku nne kabla ya hapo, Machi 8, wengi wetu tulikuwa na sare za kitenge tukikata keki. Hakunyoosha mtu. Jamaa mmoja wa benchi la nyuma akasema, "Hao ni wale walioachika, mwalimu," darasa zima likapasuka. Nami nikacheka. Tena si kicheko cha adabu, nilicheka mpaka nikajishika mbavu.

Yule jamaa namsamehe, kila darasa limepewa wake. Ila mimi nimelala vibaya siku tatu, kwa sababu kicheko kilipoisha mtu wa kwanza kunijia akilini alikuwa shangazi yangu, ambaye kweli ameachika, na ambaye Desemba nilimfanyia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nianze na neno lenyewe. Ukinitajia ufeministi, kabla hata sijafikiri, kichwani anatokea mama mmoja. Ana miwani mikubwa, nywele fupi, kitambulisho cha semina shingoni, na kila akifungua mdomo anataka kumjengea mtu uwezo. Sijawahi kukutana naye. Nimemchukia tu tangu kidato cha pili. Nyumbani kwetu Rungwe hata jina la mtu hana, anaitwa Beijing. Mke akimjibu mumewe mbele ya wageni, Beijing. Binti akigoma kuosha vyombo vya kaka zake, Beijing imemwingia. Nilikuwa mkubwa kabisa ndipo nikajua kwamba jina hilo limetoka kwenye mkutano wa wanawake wa dunia uliofanyika Beijing, China, mwaka 1995, na kwamba katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella wa kisiwa cha Ukerewe. Kumbe tusi letu la kigeni limevuka Ziwa Victoria tu, wala si bahari.

Nilijifunza mapema kujitenga na huyo mama wa miwani. "Mimi si wa hayo mambo" ni maneno yaliyonipa amani na wavulana, na wachungaji, na mama yangu mzazi. Muhula uliopita tulifundishwa na mhadhiri mwanamke, tukasema analeta machungu ya ndoa yake darasani. Huyu wa sasa ni mwanaume, anafundisha yale yale, tunamwita msomi. Mimi nimeyasema hayo yote mawili, kwa mdomo huu huu.

Sasa Desemba.

Babu alifariki mwaka juzi, na kwa muda shamba lake halikumsumbua mtu. Migomba kuzunguka nyumba, chai kidogo kwenye mteremko, kipande cha mahindi bondeni. Nani angetoka Dar kuja kugombea mkungu wa ndizi? Kisha parachichi zikawa dili, wanunuzi wakaanza kuingia vijijini na kreti zao, na ghafla baba zangu wadogo wakakumbuka walikozaliwa. Kikaitishwa kikao cha ukoo.

Ukatibu nikapewa mimi. "Msomi wetu ataandika." Nilifurahi, nisiwadanganye. Kwetu binti kupewa kiti kwenye kikao cha ardhi si jambo dogo, na mimi nilikaa na kaunta buku jipya na kalamu mbili, moja ya akiba. Nikapiga mstari kwa rula, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Watoto wa marehemu. Chini yake namba moja hadi nne, na majina manne.

Babu alizaa watoto saba.

Hakuna aliyenitajia majina. Hakuna aliyeniambia wanawake waruke. Baba mkubwa alikuwa bado anafungua kikao kwa sala (na sala zake mnazijua, lazima apitie Misri na jangwani) wakati mimi namalizia namba nne. Niliwaruka mashangazi watatu. Mmoja ameolewa Kyela. Mmoja ni marehemu, ameacha watoto. Wa tatu alikuwa anapita mbele yangu dakika ile ile na birika la chai na sinia la magimbi. Akanimiminia. Nikamwambia ahsante, shangazi. Nikaendelea kuandika.

Mwisho wa kikao niliusoma muhtasari kwa sauti, nikauliza kama kuna nyongeza. Haikuwepo. Wakasaini wote wanne, baba yangu akiwa namba mbili.

Usiku jikoni, shangazi akiwa anafukia moto kwenye majivu, akaniuliza taratibu: "Mama," huwa ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yake, "mimi umeniandika ukurasa gani?"

Hakuwa ananisuta. Afadhali angenisuta. Alidhani kweli kuna ukurasa mwingine, wa wanawake, na kwamba msomi wa ukoo ameshauandika ila wanaume hawakuwa na muda wa kuusikiliza.

Nikamjibu kwamba huo wake bado sijaumalizia. Akasema haya, ukalale, umechoka.

Sasa nichekeni. Wiki tatu kabla ya kikao hicho nilikuwa nimepata 17 kati ya 20 kwenye kazi iliyohusu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Naijua. Kifungu cha 20 kinasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kwenye kazi hiyo nilimweka hata Holaria Pastory, yule mama wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, ndugu wa ukoo akampeleka mahakamani kwa hoja kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inagongana na Katiba, mwanamke ana haki ile ile ya kuuza aliyonayo mwanaume. Hukumu hiyo imenizidi umri kwa miaka zaidi ya kumi. Jina la Holaria Pastory nililipigia mstari mwekundu kabisa. Wa birika sikumwona.

Hiki ndicho kinachonitisha. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza babu alikuwa na watoto wangapi, ningekujibu saba. Lakini panapotajwa shamba kichwa changu kinahesabu wanne. Hesabu mbili zimekaa humo miaka 22 na hazijawahi kugombana. Hakuna mzee wa kimila aliyenishikia kalamu. Aliyeandika ni binti wa chuo, anayejua kifungu kwa namba yake, tena kwa wino wa bluu na rula.

Na msiniambie ni mila. Mila naijua, nimelelewa ndani yake. Kwetu mkwe mwanamke hamkaribii baba mkwe. Siku hizi wengi wameilegeza, hasa waliohamia mjini, lakini babu alikuwa wa zamani. Mama yangu akisikia kikohozi chake njiani, alikuwa anajitosa kwenye migomba na ndoo ya maji kichwani, anasimama humo mpaka mzee apite. Nikiwa mdogo nilidhani ni mchezo wao wa kujificha.

Haya, babu akapooza upande mmoja. Wanawe wako Dar na Tunduma, baba mkubwa yuko Mbeya mjini, baba yangu yuko barabarani na lori. Wake za wanawe, kwa mila hiyo hiyo, hawawezi kumgusa. Mama alikuwa anapika uji, anauacha mlangoni, anaondoka. Basi nani anaupokea? Nani anamlisha kijiko kwa kijiko, anamgeuza saa nane za usiku na baridi yetu ile ya Julai, anafua mashuka na maji ya mto yanayokata vidole? Miaka minne. Binti yake aliyeachika. Mila yetu ilimhitaji sana huyo aliyeachika. Asingekuwa amerudi nyumbani, heshima ya mkwe ingemwacha babu kwenye uchafu wake mpaka Jumamosi ambayo mmoja wa wanaume angekumbuka kuja. Halafu mzee akishazikwa, mila hiyo hiyo inamgeukia binti na kumwambia yeye ni wa kupita, ataolewa, ardhi itahamia ukoo mwingine. Ana miaka 58! Anakwenda kuolewa na nani?

Na miche ya parachichi ile, iliyowaleta wote kwa mabasi, aliipanda yeye. Baba mdogo wa Dar wakati ule alisema ni upuuzi, angeongeza migomba.

Kuna wanaosema haya mambo ni ya Wazungu. Hao nawaomba warudi kwenye Azimio la Arusha. Mwaka 1967 lilisema bila kumung'unya kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Hiyo ni TANU. Baba mkubwa kadi ya chama anayo tangu ujana wake na anaitunza kwenye Biblia. Sijui hapo kwenye likizo alisinzia.

Mnajua ni nini kingine kilisemwa kwenye kikao kile, magimbi yakiendelea kuliwa? Walimsifu Tulia Ackson. Mzaliwa wa Tukuyu, aliyekuwa Spika wa Bunge kuanzia 2022 hadi 2025, na Oktoba 2023 akachaguliwa kuongoza Umoja wa Mabunge Duniani. "Binti yetu." Siku hiyo ya 2023 baba mdogo alinunulia watu soda, na mimi nilikunywa mbili huku nikimnong'oneza binamu yangu kwamba kabebwa. Hamwezi kuamini nina orodha ndefu kiasi gani ya wanawake niliosema wamebebwa. Mwanaume sijawahi kumwambia hivyo, na nimewaona wakibebwa mgongoni kweupe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mama wa miwani naye ana makosa yake. Kiswahili chake ni cha makaratasi. Warsha zake zinafanyika kwenye hoteli za mjini, na shangazi yangu hajui hata njia ya kufika. Siku ya Wanawake tumeifanya siku ya kitenge. Wapo pia wanaotetea wanawake jukwaani huku binti wa watu kutoka Makete au Mufindi amebaki kwao anafua nguo za watoto kwa mshahara wa kutia aibu. Haya yote ni kweli. Lakini hakuna hata moja lililomtoa shangazi kwenye daftari. Nilimtoa mimi, niliyejitapa kwamba si wa hayo mambo.

Na baba zangu si mashetani. Ada yangu ya mwaka wa pili ililipwa na baba mdogo huyo huyo wa Dar, bila kuulizwa mara mbili. Alipohamishiwa Tukuyu mwaka jana alinileta chuoni kwa gari lake, akaninunulia godoro soko la Mwanjelwa, akabishana bei kama hana kazi nyingine. Ndiyo maana sikuweza kumpigia Desemba. Mtu aliyekununulia godoro unamwambiaje kwamba muhtasari wako una wizi ndani yake?

Nimempigia jana. Daftari liko kwake. Nilizunguka kwanza: hali ya hewa, mitihani, mtoto wake aliyekuwa anaumwa. Kisha nikamwambia ule muhtasari niliuandika vibaya, watoto wa babu ni saba, nimeandika wanne, nataka kuurekebisha wausaini upya.

Akacheka. "Chuo kimekuletea Beijing?"

Nikamwambia sifahamu kimeniletea nini, ila kosa ni la katibu, na katibu ni mimi.

Akanyamaza kidogo. Akasema hilo la shangazi yako ni refu, tutaliongea Pasaka tukiwa wote. Nikamwambia baba, Pasaka tukiwa wote shangazi atakuwa jikoni anatupikia. Naomba nije Jumamosi hii, nilichukue daftari, nimpelekee yeye kwanza asome.

Kimya kikawa kirefu mpaka nikaitazama simu nikidhani salio limekata. Ndipo akasema mvua imeharibu barabara ya kule kwetu, kosta haziendi mpaka mwisho, kwa hiyo nisije na viatu vyangu vile vya chuo.