Nani Hakuja Kliniki Leo?

Mgonjwa wa VVU akikosa tarehe yake ya kuchukua dawa hapa Kisumu, simu hupigwa. Asipopokea, anatafutwa yule aliyeandikwa kwenye faili kuwa msaidizi wake wa matibabu. Huyo naye asipopatikana, mhudumu wa afya ya jamii anatumwa hadi mlangoni, iwe ni Nyalenda au ndani kabisa kule Nyakach. Tumeuzoea utaratibu huu kiasi kwamba hatuustaajabii tena. Lakini mgonjwa wa akili akikosa tarehe yake ya sindano, mara nyingi hakuna hospitalini anayejua. Watajua siku atakapoletwa amefungwa kamba.

Tofauti hiyo inaniuma, na sikubali kwamba chanzo chake ni uhaba wa madaktari peke yake. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache kweli, na wengi wao wako Nairobi. Ila hata hao wachache tulio nao wanafanya kazi gizani kwa sababu ya jinsi tunavyoandika habari za wagonjwa wetu.

Kaka yangu mkubwa ana skizofrenia. Kwa miaka mingi anadungwa sindano ya mwezi, ile ambayo dawa yake hutoka polepole mwilini kwa wiki kadhaa. Nimemsindikiza sana, na nikiwa kwenye foleni nimelitazama vizuri daftari la kliniki yake. Ni kitabu kikubwa cha jalada gumu, kimepigwa mistari kwa rula: tarehe, nambari, jina, umri, dawa, siku ya kurudi. Sista anaandika kwa hati safi mno. Lakini daftari lile limepangwa kwa siku, halikupangwa kwa mtu. Kaka yumo humo mara nyingi, kila mara kwenye ukurasa mwingine na kwa nambari nyingine. Aliyekuja anaandikwa. Asiyekuja hana pa kuandikwa. Mwezi ukiisha, jumla inapelekwa ngazi za juu: walihudumiwa watu kadhaa. Jumla hiyo ni sahihi, ila haimwambii yeyote kwamba kijana wa Manyatta aliyekuwa ametulia mwaka mzima hajaonekana tangu Februari.

Kuna mwaka kaka alikosa sindano mbili mfululizo. Mimi nilikuwa Busia kikazi. Mama alimuuliza kama amekwenda, akasema ndiyo, na mama akamwamini. Tulipomfikisha hospitalini alikuwa amekaa siku kadhaa bila kulala, anabishana na watu ambao sisi hatukuwaona. Daktari aliuliza alidungwa lini mara ya mwisho. Sista akaanza kufunua kurasa kurudi nyuma, kidole kikishuka kwenye safu ya majina, ukurasa baada ya ukurasa, huku foleni ikirefuka nyuma yetu. "Mama, hakuja Machi. Hata Aprili simwoni," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Hakuwa na kosa lolote yule dada. Alikuwa peke yake zamu nzima, na kitabu alichopewa hakikutengenezwa ili kijibu swali lile.

Rejista ninayoitaka mimi ni orodha ambayo mtu akishaingia, anabaki. Ana mstari wake mmoja: ugonjwa, dawa na kipimo chake, siku aliyoonekana mwisho, siku anayotarajiwa, na alama inayoonyesha hali yake ilivyokuwa kila alipokuja. Halafu mara moja kwa wiki kuna mtu ambaye kazi yake ni kukaa na orodha hiyo na kuuliza: nani hakuja? Na nani anakuja kila mwezi, anameza dawa zake zote, lakini hapati nafuu?

Swali hili la pili ndilo tunalolisahau zaidi. Marekani, kundi la watafiti wakiongozwa na daktari wa akili Jürgen Unützer lilitoa mwaka 2002 matokeo ya utafiti uliohusisha wazee 1,801 wenye sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu (depression), waliokuwa wakitibiwa katika kliniki za kawaida. Nusu yao waliwekewa mhudumu anayewafuatilia kwa rejista, huku daktari wa akili akikutana naye kila wiki kupitia majina ya wale wasiopata nafuu, ili dawa ibadilishwe mapema. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 45 ya waliofuatiliwa hivyo walikuwa dalili zao zimepungua kwa nusu au zaidi. Kwa waliohudumiwa kama kawaida ilikuwa asilimia 19. Daktari wa akili hakuhitaji kumwona kila mgonjwa. Alihitaji kujua ni nani wa kumwangalia, na kwa nchi kama yetu hilo ni jambo kubwa sana.

Hata kipimo cha kutoa hiyo alama tunacho. PHQ-9, kipimo cha dalili za sonona, ni maswali tisa tu, jumla yake ni kuanzia 0 hadi 27, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba yanafaa kwa watu wazima wanaoishi na VVU hapa magharibi mwa Kenya. Afisa wa kliniki anaweza kuyauliza wakati anapima presha.

Na tusiambiwe kwamba teknolojia ya namna hii ni ya wazungu. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Kaunti ya Nandi, kulianzishwa mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kazi hiyo ikakua ndani ya AMPATH, mpango wa afya wa ushirikiano huo pale Eldoret, na kuanzia 2004 ikazaa OpenMRS, programu ya bure inayotumika leo katika nchi nyingi. Mfumo wa KenyaEMR, unaotunza rekodi za wagonjwa wa VVU kwenye vituo vyetu vingi, umejengwa juu yake. Basi katika jengo lilelile la hospitali, chumba kimoja kinajua nani hakuja, na kingine kinafunua kurasa kwa kidole.

Kuna jambo jingine ambalo wanawake wanaonisoma walijue. Valproeti ni dawa inayotolewa sana kwa kifafa na kwa bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mama akiitumia akiwa mjamzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa ubongo. (Usiiache ghafla ukisoma haya, zungumza na daktari wako kwanza.) Kliniki yenye rejista inaweza kutoa majina ya wanawake wote wa umri wa kuzaa wanaotumia dawa hii kwa dakika chache, iwaite, izungumze nao juu ya uzazi wa mpango au dawa nyingine. Kwa daftari la kila siku haiwezekani.

Najua wengi wanaogopa kuandikwa, na wana sababu. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria yetu ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo maneno ya ukweli kwenye faili yangeweza kukupeleka kortini. Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hayo ni mazuri, lakini mtaani watu wanajuana. Mhudumu anayekuja kumtafuta kaka asije amevaa fulana iliyoandikwa afya ya akili, na jirani akimuuliza amefuata nini, awe amefundishwa la kujibu. Mwajiri, chifu na polisi wasiwe na njia yoyote ya kuifikia orodha hiyo. Hapo mimi silegezi hata kidogo, kwa kuwa orodha ikivuja mara moja, watu watakimbia kliniki.

Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezipa serikali za kaunti majukumu ya wazi ya kutoa huduma hizi. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walitangaziwa vifaa vya kazi pamoja na simu. Miguu ipo, simu zipo, programu ipo. Kisichokuwepo ni mshahara wa mtu mmoja kwa kila kliniki ya akili wa kuitunza orodha, pamoja na salio la simu. Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti vinapoitishwa, hilo ndilo nitakalokwenda kuliomba, na nawaomba wenye wagonjwa nyumbani tuende pamoja. Nitaomba pia rejista iwe na safu moja inayojazwa mgonjwa akiwa ametulia: akitoweka, angependa tumpigie nani?