Sheli Ikifungwa, Matangi Yake Yako Wapi?

"Mwanangu, hebu nusa," bibi jirani yangu aliniambia kabla sijamaliza hata shikamoo. Ndoo ya maji ya kisima chake alikuwa ameiweka juani. Nikainama. Harufu ilikuwa hafifu, kama ya kitambaa anachofutia mikono fundi wa bodaboda, na juu ya maji kulikuwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua.

Kisima hicho alikichimba kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe, kwenye kiwanja kinachopakana na palipokuwa sheli. (Huku Dar es Salaam kila kituo cha mafuta ni sheli, kiwe cha nani.) Pampu zilishang'olewa zamani, paa likauzwa chuma chakavu, leo pana maduka ya simu na mama lishe. Kila mzee wa mtaa niliyemuuliza kuhusu matangi ya chini alinipa jibu lake: yalitolewa, yalijazwa mchanga, yapo vilevile.

Utando peke yake si ushahidi. Wapo bakteria wanaoishi kwenye maji yenye madini ya chuma, nao huweka utando unaong'aa hivyohivyo. Nikachukua njiti nikaugusa. Wa bakteria huvunjika vipande kama kioo chembamba, na wa mafuta hupasuka kisha ukaungana tena. Huu uliungana.

Bibi alikuwa ameshapeleka maji maabara, kwenye chupa ya plastiki ya maji ya dukani. Akarudi na karatasi inayosema maji yako salama. Nikaisoma yote: chumvi, uchachu wa maji, naitreti, vijidudu vya kinyesi. Petroli haikupimwa, kwa kuwa hakuna aliyeiomba wala aliyemwambia kuwa inaombwa. Na hata ingeombwa, chupa ile isingefaa. Maji ya kupima petroli hujazwa kwenye kichupa cha kioo mpaka pomoni, pasibaki hata povu moja la hewa, yakawekwa kwenye barafu na kuwahishwa, maana kinachotafutwa huruka na hewa.

Kinachotafutwa hasa ni benzini, kemikali iliyomo kwenye petroli, inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Ulimi wa binadamu huanza kuihisi ikiwa peke yake kwenye mikrogramu 500 hivi, mara 50 ya kikomo, na pua huchelewa zaidi. Ndiyo maana siwahofii sana wale ambao maji yao yananuka, hao wameshaacha kunywa. Nawahofia wa nyumba ya tatu na ya nne, wanaosema "kwetu hayana shida." Wengine wananiambia wanachemsha. Kuchemsha ni kwa ajili ya vijidudu. Kwa petroli, mvuke wake unakuja kujaa jikoni.

Msimamo wangu ni huu: kiwanja cha sheli iliyofungwa kisiuzwe wala kujengwa mpaka matangi yafukuliwe, na udongo na maji ya chini vipimwe, kwa gharama ya aliyekuwa akiuza mafuta pale. Kanuni ya mchafuzi kulipa imo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Na tusiridhike na sampuli moja ya kisima cha jirani. Tangi la chuma likiota kutu huvuja kidogokidogo kwa miaka, petroli inazama mchangani mpaka inapoyakuta maji, inaelea juu yake, na sehemu yake inayeyuka na kusafiri nayo. Inasafiri kuelekea wapi? Huwezi kujua bila kuchimba angalau visima vitatu vya uchunguzi, pembetatu, na kupima kina cha maji katika kila kimoja kutoka usawa mmoja. Zaidi ya hapo, pampu ya kisima huyavuta maji upande wake. Bibi kila akiwasha swichi, huenda anajisogezea uchafu mwenyewe.

Gharama zake si ndogo, najua. Lakini mji wa Santa Monica, Marekani, ulifunga visima vyake vikuu mwaka 1996 baada ya kemikali ya kwenye petroli, iliyovuja kutoka matangi na mabomba ya chini, kuingia kwenye maji yake. Mji ukapoteza karibu nusu ya maji yake, ukalazimika kununua ya mbali, na visima vile vilirudi kazini baada ya miaka kama 15, tena kwa mtambo maalumu wa kusafisha.

Sisi maji ya mbali tutayanunua kwa nani? Ukame wa 1997 ulipotubana, jiji lilichimbwa visima kila kona. Mto Ruvu, unaotuletea maji ya bomba, ulipopungua mwaka 2022, tulikimbilia visima vya Kigamboni. Maji ya ardhini ndiyo akiba yetu mto unapokauka, na juu yake tunaendelea kufukia matangi.

Nimemwandikia mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuomba orodha ya sheli zote zilizowahi kuwepo kwenye mtaa wetu, pamoja na mwaka kila moja ilipofungwa. Bibi ameizima pampu yake. Ananunua maji ya dumu kwa mwenye mkokoteni, na jana nilimuuliza yule kijana anayachota wapi. Alinionyesha kwa kidole kisima cha nyumba ya nne.